Mwacha Asili ni Mtumwa? Kuwatafuta Wazee Wetu wa Frere Town na Rabai

Katika sura ya 16 ya kitabu cha Mwanzo tunakutana na mtumwa aliyetoroka. Ni Hajiri, mjakazi wa Sarai. Malaika wa Bwana alimkuta penye chemchemi jangwani, akamwuliza mambo mawili: ametoka wapi, na anakwenda wapi. Hajiri alijibu la kwanza tu, kwamba anamkimbia bibi yake. La pili hakulijibu. Lakini mwandishi wa kitabu alikuwa amekwisha kutuambia jambo ambalo angeweza kuliacha: kwamba mama huyu alikuwa Mmisri. Alikuwa mali ya mtu katika nchi ya ugeni, na bado asili yake iliandikwa.

Hapa pwani ya Kenya, ndugu msomaji, zipo familia nyingi ambazo mzee wao wa kwanza kujulikana alisimama mahali pa Hajiri. Alishushwa kutoka jahazini akiwa mtoto, au alitoroka shambani usiku akapanda vilima vya Rabai. Aliulizwa ametoka wapi. Jibu lake, au lile ambalo aliyeshika kalamu alifikiri amelisikia, likaandikwa. Kisha akabatizwa, akapewa jina, akaoa au akaolewa, akapata watoto. Sisi ni wajukuu na vitukuu vya watu hao, na wengi wetu hatujui hata jina alilopewa mzee huyo na mama yake.

Hatujui kwa sababu hatukuambiwa, na hatukuambiwa kwa sababu ya aibu. Wahenga wetu wa pwani walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo husemwa kumwonya kijana anayedharau mila za kwao, na kwa kazi hiyo ni methali njema. Lakini mfikirie bibi aliyeketi kanisani akiisikia, naye anajua kwamba mama yake aliuzwa. Mama huyo hakuiacha asili, alinyang'anywa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi, mtoto alipouliza "sisi kabila gani?" aliambiwa, "Sisi ni Wamisheni," na mazungumzo yakaishia hapo. Palipokuwa na posa, jambo hilo lilinong'onwa. Palipokuwa na ugomvi wa shamba, lilipigiwa kelele.

Makala hii inataka kusema kwamba kuwatafuta wazee hao ni kazi ya imani, na kwamba inawezekana kuliko tunavyodhani. Tena tusiogope tutakachokikuta.

Walikotoka

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Kabla ya hapo Serikali ya Uingereza ilikuwa imemtuma Sir Bartle Frere kuzungumza na Sultani. Swali lililofuata lilikuwa gumu: watu wanaokamatwa na manowari ndani ya majahazi wapelekwe wapi? Kuwarudisha kwao, mwendo wa majuma mengi bara, kulikuwa ni kuwarudisha mikononi mwa watekaji. Baadhi yao walipokelewa na mapadre wa Bagamoyo, ambao walikuwa wameanza kazi hiyo tangu 1868. Wengine walipokelewa na misheni ya Kianglikana ya Unguja. Kwa upande wetu, chama cha CMS kilimtuma William Salter Price, aliyefika Mombasa mwishoni mwa 1874. Alinunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na mwaka 1875 makundi ya kwanza makubwa ya watu waliookolewa yakashushwa hapo. Mahali hapo pakaitwa Frere Town. Kengele iliyolia pale ingali na mnara wake kando ya barabara, na mtaa mzima unaitwa Kengeleni. Wengi hupita hapo kwa matatu kila siku bila kujua kengele hiyo ilikuwa ya nini.

Anayetafuta mzee wake hana budi kujua kwamba watu wa vituo vyetu hawakuja kwa njia moja. Njia zilikuwa tatu, na kila moja imeacha karatasi za namna yake.

Kundi la kwanza ni wale walioitwa watu wa Bombay. Hawa waliokolewa baharini miaka ya nyuma zaidi, wakapelekwa India, wakalelewa na kufundishwa kazi za mikono katika kituo cha misheni karibu na Nashik. Ishmael Semler, William Jones na George David walitoka huko. Walifika Rabai katika miaka ya 1860, wakamkuta mzee Rebmann karibu peke yake, na wao ndio waliobeba mzigo wa kazi. Semler na Jones walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba, Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia kurudi pwani na habari hiyo ya msiba.

Kundi la pili ni mateka walioletwa moja kwa moja kutoka majahazini tangu 1875. Wengi wao walikuwa watoto na vijana. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na watu wa makabila mengine ya kusini, waliopitishwa Kilwa na bandari za kandokando yake.

Kundi la tatu ni watoro. Hawa walikuwa watumwa wa mashamba ya pwani waliokimbia wenyewe. Wengine walijenga vijiji vyao porini, kama kile cha Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, ambacho kiongozi wake Mkristo, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Wengine walikimbilia Rabai. Na hapo tena palikuwa na watoto wa Warabai na majirani wao walioingia misheni kwa sababu ya njaa, hasa ile njaa kubwa ya katikati ya miaka ya 1880 ambayo wazee waliiita Mwakisenge, wakati wazazi walipowaweka watoto rehani ili wapate chakula.

Jina nyuma ya jina

Kizuizi cha kwanza katika utafutaji ni majina. Mtu hufungua daftari la kanisa akakuta babu yake anaitwa kwa jina la Kiingereza tupu, la kwanza na la ukoo, akadhani ana damu ya Kizungu au akadhani amekosea ukurasa. Hakukosea. Watoto waliookolewa walipewa majina ya watu wa Biblia, ya wafadhili, ya mabwana wakubwa wa Uingereza, au lolote lililomjia mwalimu siku ile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Matthew Wellington. Kwa jina la kwao aliitwa Chengwimbe, naye alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akaokolewa baharini, akapelekwa Nashik, akarudi Afrika na jina la jemadari wa Kiingereza. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa vijana wa Nashik waliopelekwa kwa Livingstone, na baada ya Livingstone kufa Chitambo mwaka 1873 alikuwa katika msafara uliobeba mwili wake hadi Bagamoyo. Baadaye alikaa Frere Town, akafa Mombasa mwaka 1935, mzee aliyeheshimiwa. Tunalijua jina la Chengwimbe kwa sababu watu walimwuliza, kwa ajili ya Livingstone. Wenzake wengi hawakuulizwa na mtu.

Kwa hiyo usiishie kwenye jina la kwanza unalolikuta. Daftari la ubatizo la Kianglikana kwa desturi lina nafasi ya tarehe, jina la anayebatizwa, majina ya wazazi, mahali wanapokaa, kazi ya baba, na sahihi ya kasisi. Mtoto aliyetolewa jahazini hakuwa na mzazi wa kutajwa. Nafasi tupu pale penye jina la baba si uzembe wa karani tu, ni ushahidi. Inakuambia kwamba huenda mtu huyu aliletwa, hakuzaliwa hapa. Ukishajua hivyo, mfuate mtu yuleyule katika madaftari mengine: kipaimara, ndoa, ubatizo wa watoto wake, maziko. Mara nyingine jina la nyumbani ambalo halikuandikwa siku ya ubatizo hujitokeza siku ya ndoa, au hupewa mjukuu. Watazame na wadhamini. Watu waliookolewa katika jahazi moja walishikana kama ndugu, wakasimamiana ubatizo na harusi, na mtu anayerudiarudia katika daftari karibu na babu yako huenda alifungwa naye katika mnyororo mmoja.

Jihadhari pia na maandishi yenyewe. Wamisionari wa kwanza waliandika Rabai kwa b mbili, na watu wote wa Mijikenda waliwaita Wanyika au Wanika. Anayetafuta neno Mrabai katika barua za zamani anaweza kupita juu ya bibi yake bila kumwona. Na makabila ya kusini yaliandikwa kwa kukisia. Mtoto wa miaka saba aliyejua Kiyao kwa sababu ndicho alichokisikia njiani aliandikwa Myao, hata kama watekaji wake ndio waliokuwa Wayao.

Madaftari hayo, yale yaliyosalia, yamo parokiani. Barua na taarifa za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na habari za manowari zimo katika hifadhi ya taifa ya nchi hiyo huko Kew, London. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Nairobi ina karatasi za wakati wa ukoloni. Lakini si lazima kuanza na safari. Wengi watapata mengi zaidi kwa kuketi na shangazi aliye hai na daftari la shule, wakamwuliza nani alizikwa karibu na nani, na kwa nini mama fulani aliitwa kwa jina ambalo si la Kirabai wala la Kiswahili.

Karatasi za Rabai

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza, Imperial British East Africa, ilianza kutawala pwani yetu, nayo ikakuta mzozo umefikia pabaya. Mabwana wa mashamba walisema misheni inawaficha watumwa wao. Wakubwa wa misheni walikuwa wamekataza kupokea watoro, lakini hesabu ilipofanywa ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya watu wa Rabai, watu waliosali, waliolima, waliojenga, walikuwa watoro. William Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, aliwajua. Hakuwa mtu wa kuwafukuza.

Tufikirie hali hiyo kama Wakristo. Palikuwa na sheria ya nchi iliyosema watu hawa ni mali. Palikuwa na kanuni ya chama iliyosema wasipokewe. Na palikuwa na mtu mlangoni, mgongo umechanika. Waraka kwa Filemoni ulikuwa katika Biblia ya kila mmoja wao. Paulo alimrudisha Onesimo, lakini alimrudisha kama ndugu mpendwa. Na mabwana wa Mombasa hawakuwa wakiahidi kupokea ndugu.

George Mackenzie, wakala wa kampuni, alipatana na mabwana hao kwamba walipwe fidia. Majina yakaandikwa. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro wakapewa hati za uhuru. Katika vituo vya misheni vya pwani watu zaidi ya 1,400 walikombolewa kwa mpango huo. Waliokuwa nje ya vituo walibaki watumwa; sheria haikukoma kuutambua utumwa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapo. La kwanza ni la mtafutaji: orodha zilitengenezwa, na mtu mmoja huweza kuonekana kwa jina alilotumia shambani na kwa jina la ubatizo. La pili ni la mwamini. Fidia ile ililipwa kwa bwana, haikulipwa kwa mtumwa. Yule aliyelima miaka ishirini bure alipata karatasi. Tunaposhukuru kwa siku ile, na ni haki tushukuru, tusiseme kwamba haki yote ilitendeka.

Tutakachokikuta

Alikuwapo mmoja wetu aliyefanya kazi hii mapema. James Mbotela wa Frere Town aliandika kitabu, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Kinasimulia habari za kizazi cha wazazi wake: kutekwa katika nchi ya Wayao, mwendo wa kwenda pwani, jahazi, manowari, na maisha mapya Frere Town. Wasomaji wa leo huona kwamba kinawasifu mno Waingereza, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini bila kitabu hicho tungekuwa na sauti za wamisionari peke yake. Wa ukoo huohuo alikuwa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyezaliwa Mombasa mwaka 1940, ambaye kwa miaka mingi aliiuliza Kenya nzima redioni, "Je, huu ni ungwana?" Zamani katika Kiswahili cha pwani mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu na utu. Neno hilo limebadilika, na katika kubadilika huko ukoo wa watu waliokombolewa ulikuwa na sehemu yake.

Si yote yatakayotufurahisha. Anayesoma habari za Frere Town atakuta kwamba mwaka 1881 kulifanyika uchunguzi kuhusu viboko na adhabu za kikatili alizotoa msimamizi wa kituo, Streeter, kwa watu waliokuja pale kutafuta kimbilio. Kanisa lililowafungua watu lilikuwa pia na mkono uliowapiga. Jambo hili lisemwe katika kitabu cha kanisa, maana likifichwa hapa litasemwa kwingine bila upendo.

Na si kila atafutaye atamkuta aliyetekwa. Wako miongoni mwetu, katika viti hivihivi, ambao watamkuta babu aliyekuwa mwenye shamba, au dalali, au mzee wa kijiji aliyemtoa mtoto wa jirani wakati wa njaa akamlinda wa kwake. Huyo naye ni mzee wetu. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu hakuwaondoa walioleta aibu. Aliwataja Tamari na Rahabu, na Ruthu Mmoabi. Alipofika kwa Sulemani hakumtaja mama yake kwa jina. Alisema tu kwamba alikuwa mke wa Uria, ili kila asomaye akumbuke dhambi ya Daudi. Ukoo uliosafishwa haukumfaa Mwokozi aliyekuja kwa ajili ya wenye dhambi, na kwetu pia hautafaa.

Wengine hawatakuta kitu. Watafuata jina mpaka ukurasa mmoja wa mwaka mmoja, na nyuma yake hakuna daftari. Katika sura ya 2 ya Ezra, kati ya wale waliorudi kutoka utumwani Babeli, walikuwapo watu walioshindwa kuonyesha mbari za baba zao. Jina la mji waliotoka walilijua, zaidi ya hapo hawakuwa na ushahidi. Biblia haiwaondoi katika orodha ya waliorudi. Imewahesabu, 652, ndani ya hesabu ya taifa. Na kwa kinywa cha Isaya, katika sura ya 56, Mungu anamwahidi mtu asiye na uzao kwamba nyumbani mwake atapata jina lililo bora kuliko wana na binti.

Wazee wetu waliishi kwa ahadi hiyo. Walikuwa wamepoteza baba, mama, lugha na makaburi. Wakaitana kaka na dada, wakawa wadhamini wa watoto wa wenzao, wakazikana. Ndiyo maana neno "ndugu" tunalolitamka kila Jumapili lina uzito kwetu. Kwao lilikuwa ndilo kabila.

Basi wahenga wasamehewe, na methali yao tuirudishe mahali pake. Anayeiacha asili ni yule aliye na njia ya kuijua asiitafute. Sisi tunayo njia. Kila parokia ingeweza kuteua watu wawili wenye subira na macho mazuri, wakaombe ruhusa ya kasisi, wakayapiga picha madaftari ya zamani kabla mchwa na unyevu hawajayamaliza. Majina yatakayopatikana yasomwe kwa sauti ibadani siku ya kuwakumbuka waliolala katika Bwana, yale ya Kiingereza pamoja na yale ya kwao, na pale palipo na nafasi tupu, tusimame kimya kidogo.

Lakini madaftari yatangoja wiki moja au mbili. Bibi aliye hai hatangoja. Nenda kwake kwanza, mpelekee sukari, keti, umwulize taratibu.